Kituo cha Chekechea

Habari ya kifo cha Sista Ndunge ilinifikia kupitia kundi la simu ambalo nilidhani limekufa kabla yake. Mwaka wa uchaguzi kundi hilo liliitwa Marafiki wa Sista. Baada ya uchaguzi lilinyamaza, watu wakawa wanaingia humo kutakiana heri ya Krismasi au kutangaza mbwa aliyepotea. Mimi sikutoka, kwa sababu anayetoka kundini huonekana na kila mtu, na nilichoka kufikiria watasema nini. Asubuhi hiyo jina lilikuwa limebadilishwa kuwa Mazishi ya Sista. Kabla sijamaliza kusoma ujumbe wa kwanza, michango ilikuwa imeanza kumiminika, kila mmoja na alama ya viganja viwili vilivyounganishwa kama vya mtu anayesali. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikiangalia ile mikono ya manjano ikipanda. Jambo la kwanza nililojiuliza halikuwa Sista aliugua lini, wala nani alikuwa karibu naye. Nilijiuliza: hawa watakuja kweli? Ndipo machozi yakaja. Nililiuliza swali hilo mara nyingi mno mwaka ule, hata likawa ndani yangu kama kikohozi kisichopona.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na nilikuwa Machakos mjini bila sababu ya maana. Mafunzo ya kazi yaliyonileta kwenye ofisi moja ya kaunti yalikuwa yamekwisha, lakini niliona kurudi kwetu Matuu na shahada mkononi ni sawa na kurudi nyumbani na ng'ombe uliyempeleka sokoni. Kila unayekutana naye njiani huuliza ana ugonjwa gani. Kwa hiyo nilikuwa nikihudhuria chochote kilichokuwa cha bure. Siku moja niliingia katika mkutano wa wananchi kuhusu bajeti ya wadi, na nitasema kweli, nilifuata soda na mkate uliogawiwa mwishoni. Lakini nina tabia ya kusoma kila karatasi ninayopewa, na katika karatasi za siku hiyo niliona kwamba zahanati ya mteremkoni ilikuwa imetengewa pesa za rangi tena, kama mwaka uliotangulia. Niliinua mkono. Niliuliza, kwa sauti iliyotetemeka hadi mimi mwenyewe nikaionea haya, kwa nini jengo ambalo halijawahi kufunguliwa linapakwa rangi kila mwaka. Mwakilishi wetu wa wadi, ambaye watu wote walimwita Mheshimiwa hata alipokuwa akinunua viazi, hakukasirika. Alitabasamu akasema, "Msichana, hata bibi arusi hupambwa kabla mlango haujafunguliwa." Ukumbi ukaangua kicheko. Niliketi chini nikiwa na hakika kwamba nitalikumbuka jibu hilo kila ninapojaribu kulala, na kweli nimelikumbuka.

Nje ya ukumbi mama mmoja mrefu, mwenye viatu vyeupe vya kazi ya hospitali ingawa nywele zake zilisema amekwisha kustaafu, alinishika kiwiko.

"Wewe unayetetemeka. Unaitwa nani?"

"Mutheu."

"Mutheu wa wapi?"

"Matuu, mwaitu," nikamjibu, kama tunavyomwita kila mama aliyetuzidi umri.

"Umetetemeka lakini umeuliza. Mimi niko na miaka mingi sitetemeki, na sijauliza. Umekula?"

Huyo ndiye alikuwa Sista Ndunge. Hakuwa mtawa. Huku kwetu kila muuguzi ni sista hadi kaburini. Alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, na kiinua mgongo chake alikitumia kujenga nyumba katika mtaa wa watu wenye uwezo chini ya vilima vya Iveti, mtaa ambao mji mzima unauita Gadeni kwa sababu ya maua yake na nyasi zinazonyweshewa hata wakati wa ukame. Juu ya mtaa huo, mteremkoni, ndipo palipokuwa na zahanati. Ilikuwa na paa, madirisha, hata kibao cha wodi ya kina mama, na kufuli. Wanawake wa kule juu walipofikiwa na uchungu walishushwa kwa bodaboda hadi hospitali ya kaunti, mmoja akiwa katikati, mwingine nyuma akimshikilia. Wawili kati yao Sista aliwazalisha kando ya barabara, mbele ya lango la Gadeni, baada ya kustaafu, bila glavu. Mmoja wa watoto hao hakulia. Sista alinisimulia hayo mara moja tu, akiwa anapepeta nzuu, na hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Wiki iliyofuata aliniambia atagombea kiti cha wadi akiwa mgombea huru, na kwamba kulikuwa na chumba nyuma ya nyumba yake, na kwamba mtu anayesoma karatasi zote anazopewa asingemdhuru mgombea.

Nikihesabu vyumba nilivyowahi kuishi, chumba kile ndicho ninachokiota. Kilikuwa na kitanda cha chuma, dirisha lililotazama mgongo wa jikoni, na harufu ya iliki iliyopita ukutani kila asubuhi Bi Zuhura alipokuwa akikanda mahamri. Bi Zuhura alikuwa mjane wa familia moja ya Kiislamu ya pale mjini. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Machakos na alikijua Kikamba kuliko mimi. Alikuwa mpishi hospitalini Sista alipokuwa mkunga, wakastaafu karibu pamoja, wakahamia pamoja Gadeni kama watu wanaomaliza mazungumzo yaliyoanza zamani. Meza yao ilikuwa na ugomvi mmoja wa kudumu. Nzuu zile zile Sista alizitaka ndani ya muthokoi, mahindi yake yaliyokobolewa yakiwa magumu kidogo, na Bi Zuhura aliziita mbaazi na kuzitaka kwenye nazi. Walipika kwa zamu, na kila mmoja alikula chakula cha mwenzake huku akikitukana. Katikati ya meza hiyo hiyo nikaweka kompyuta yangu, na ikawa ofisi ya kampeni. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na hata wakati ule niliishuku, kama mtu anayepokea chenji nyingi kuliko alivyotarajia.

Wadi yetu ilikuwa na sehemu mbili ambazo hazikuwa zikisalimiana. Kule mteremkoni watu walifuata chama kikubwa cha huku kwetu. Walikuwa wakituambia bila kutuficha, kwa upole, wakitukaribisha uji. "Sista tunampenda," mzee mmoja alituambia, "lakini chama kikisema, sisi tumemaliza." Wengine, hasa kina mama, walimwambia Sista kwa sauti ya chini kwamba kura yao anayo. Gadeni ilikuwa kinyume. Wengi wao walifanya kazi Nairobi, waliondoka alfajiri na kurudi na mkate usiku, na Jumapili baada ya kanisa walijaa sebuleni kwa Sista, chini ya vitambaa vya kufuma na kabati la vioo, wakazungumza siasa mpaka chai ikaisha. Kiongozi wao alikuwa Injinia Kilonzo, mwenyekiti wa chama cha wakazi, mtu mkarimu, mwenye sauti iliyofaa kutangaza mpira.

"Sisi hapa hatupigi kura kwa wimbi," alisema. "Tunaangalia sera. Huyu Mheshimiwa ni wa kununua watu na unga. Gadeni hainunuliki."

"Kabisa, Injinia!"

"Sista ni wetu. Gadeni yote iko nyuma yake. Nani hapa hayuko nyuma ya Sista?"

Hakukuwa na mtu. Niliwaamini, na nilikuwa na sababu. Wakati wa kuandikisha wapiga kura Sista alikuwa amewafuata nyumba kwa nyumba, na walikwenda, kwa magari yao, wakahamisha kura zao kutoka Nairobi na kwingineko, wakapiga picha pamoja naye wakionyesha vitambulisho. Walikuwa wengi kiasi kwamba tume iliipa Gadeni kituo chake, ndani ya shule ya chekechea iliyokuwa karibu na lango. Nilikaa usiku na mchana na zile hesabu. Mteremko ungegawanyika, Mheshimiwa akipata sehemu kubwa. Gadeni ikitoka, si yote, hata nusu tu, Sista anashinda. Nilimwonyesha. Alivaa miwani, akatazama, akasema, "Kwa hivyo yote iko hapo kwa chekechea."

"Yote, Sista."

"Na ile kufuli."

"Pia."

Wasiwasi wangu ulianza, nadhani, na kauli niliyoisikia kwa kinyozi mmoja sokoni nilipokuwa nabandika mabango. Mheshimiwa alikuwa ndani ananyolewa, hakuniona. Mtu alimuuliza mbona hajawahi kufanya mkutano Gadeni hata mmoja. "Gadeni?" alisema, kidevu juu. "Hao ni wa kupiga kelele kwa simu. Mimi siku ya kura najua nani ataamka." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mkulima anayezungumzia shamba lisiloshika maji. Niliyabeba maneno hayo hadi nyumbani na sikumwambia mtu. Badala yake niliweka swali kundini: nani atapiga kura? Vidole gumba vikapanda mpaka simu ikapata joto. Nilivitazama vile vidole kwa muda mrefu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akiulizwa kama atafanya jambo jema husema ndiyo. Nililijua hilo, nilifanya mtihani juu yake. Lakini kujua kwangu hakujawahi kuniokoa na kutumaini, kunanifanya tu nitumaini bila raha.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Jumapili kabla ya uchaguzi. Sista alipika muthokoi, Bi Zuhura akapika pilau, na sebule ikajaa hadi watu wakakaa ngazini. Injinia Kilonzo alisimama akapiga kijiko kwenye glasi, na mkutano ukageuka harambee. Mmoja alitoa mafuta ya magari ya kubebea wazee wa mteremkoni. Mwingine alitoa hema. Daktari wa meno alitoa fulana zaidi. Mama mmoja aliyekuwa na duka la vipodozi alitoa vipaza sauti, akapigiwa makofi, akarudi akaongeza maji ya kunywa, akapigiwa makofi zaidi. Sista alikuwa ameketi na mikono mapajani, machozi yanamlenga. Mimi nilikuwa nikiandika kwa kasi. Bi Zuhura aliniita jikoni, akafunga mlango kwa kisigino.

"Mwanangu, umeandika yote?"

"Yote, Bi Zuhura."

"Umesikia hata mmoja aliyesema 'nitakuja'?"

Nilisimama na kalamu yangu. Nilirudia kichwani kila sauti niliyoisikia. Nitatuma. Nitatoa. Nitaleta mtu alete. Tuhesabu mimi na mume wangu. "Hii," akasema Bi Zuhura akikwangua ukoko wa sufuria, "ni kamati ya mazishi. Ukituma mkono, umehudhuria." Nilirudi sebuleni na nikaulizia, nikitetemeka kama siku ile ya bajeti, siku yenyewe tungepanga foleni saa ngapi, labda tuanze pamoja asubuhi, tutembee kutoka langoni hadi chekechea. Injinia alinicheka kwa mapenzi. "Katibu wetu ana wasiwasi kama kuku aliyeona sufuria! Mutheu, relaksi. Sisi ni watu wazima." Sebule nzima ikacheka, na Sista pia akacheka kidogo, akanipa ishara niketi.

Kura yangu mwenyewe ilikuwa Matuu, nilikoandikishwa zamani, na nilipotaka kuihamisha Sista hakuonyesha haraka, mpaka muda ukapita. Alisema anahitaji macho yangu pale kituoni kuliko kidole changu. Kwa hiyo siku ya uchaguzi nilikuwa wakala wake katika chekechea, nimeketi kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne, magoti karibu na kidevu, chini ya picha ya tembo na herufi zilizokatwa kwa karatasi za rangi. Vituo vya mteremkoni, tulisikia, vilikuwa na foleni tangu kabla ya jua, watu na blanketi mabegani. Sisi tulifungua mlango, na aliyeingia wa kwanza alikuwa Bi Zuhura, buibui limepigwa pasi. Alipiga kura zake, akachovya kidole, akanionyesha ule wino kama mtu anayeonyesha pete. Baada yake walikuja walinzi wa malango ya Gadeni, na wasichana wa kazi walioandikishwa siku moja na waajiri wao. Wazee wawili wakaja. Kisha mlango ukabaki wazi, na jua likaingia likakaa sakafuni.

Wakala wa Mheshimiwa aliitwa Mutua, kijana wa mteremkoni niliyelingana naye umri, mcheshi, mwenye mahindi ya kuchemsha mfukoni.

"Wakala mwenzangu," akaninong'oneza, "watu wako wako wapi?"

"Watakuja baada ya chai."

Akasubiri. Karani wa kituo akapiga miayo, akageuza kile kifaa cha kutambua alama za vidole, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Hii chai ya Gadeni," Mutua akasema tena, "huiva saa ngapi?"

Masanduku ya kura ni ya plastiki inayoonyesha ndani. Nilikuwa nikilitazama lile la kifuniko cha kahawia, la kiti cha wadi, nikiona karatasi zimelala chini kama majani ya chai kwenye kikombe kilichokwisha kunywewa. Nilijiambia watakuja adhuhuri. Nilijiambia matajiri huamka kwa taratibu wakipata likizo. Mchana niliomba ruhusa nikatoka nje, nikawasha simu. Kundi lilikuwa limejaa picha. Kulikuwa na mchanga mweupe, watoto wenye miwani ya kuogelea, sahani ya kamba na ndimu, Injinia Kilonzo ndani ya kaptura, bahari nyuma yake, kidole gumba juu. Shule zilikuwa zimefungwa, na watu walikuwa wamesema kutatokea fujo, na barabara ya kwenda Mombasa ilikuwa nzuri. "Sista, tuko na wewe! Mungu mbele!" Mwingine aliandika kutoka hoteli yake kwamba hata huko watu wa mitaa mizuri ya pwani wamekaa ndani, vituo vyao viko vitupu, na akaongeza uso unaocheka. Nilisimama kando ya bembea za watoto nikayasoma yote, kisha nikayasoma tena, nikitafuta hata mmoja aliyeandika yuko njiani.

Sista alikuja alasiri. Alikuwa amezunguka vituo vyote vya mteremko kwa miguu. Alipiga kura yake, akawasalimu makarani mmoja mmoja kwa jina, halafu akaniita mlangoni.

"Wamekuja?"

Nilimpa simu. Alivaa miwani, akatazama picha zote, hakuruka hata moja. "Aiya," akasema polepole. "Watoto wa Injinia wamekua." Akanirudishia simu. Aliketi kwenye bembea iliyo chini kabisa, viatu vyake vyeupe vikiwa na vumbi jekundu, akakaa hapo akitazama langoni mpaka mlango ulipofungwa. Hakuna gari lililoingia.

Kituo chetu kilimaliza kuhesabu kabla ya vingine vyote vya wadi. Giza lilikuwa linaingia tu. Msimamizi aliinua kila karatasi juu ili sote tuone, akalitaja jina, na katika chumba kile karibu kila karatasi ilikuwa ya Sista. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Hakuna aliyemkataa. Kesho yake matokeo ya wadi nzima yalipotangazwa alikuwa ameshindwa kwa kura chache, chache kiasi kwamba magari ya barabara mbili za Gadeni yangezibeba. Kina mama wa mteremkoni walikuwa wametimiza yale waliyomnong'oneza, wengi kuliko nilivyokisia. Hesabu zangu zilikuwa sahihi.

Gadeni walirudi mwishoni mwa juma, na walikuja kutoa pole. Walikuja wote. Sijawahi kuiona sebule ile imejaa namna hiyo, watu walisimama hadi barazani, ngozi zao zimeiva kwa jua, wamebeba korosho na achari na halua ya Mombasa. Walimkumbatia Sista kama mfiwa. Kisha Injinia Kilonzo akasema, "Sista, hawa watu wameiba."

"Wameiba kabisa," mwingine akaitikia. "Haiwezekani."

"Twende kortini. Tutachangia wakili. Leo leo."

Simu zilianza kutoka mifukoni. Nilikuwa nimeshika trei ya chai mlangoni mwa jikoni, nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kuitoa. "Hakuna aliyeiba," nikasema. "Nilikuwa pale tangu asubuhi. Niliona kila karatasi. Hamkuja."

Hakuna aliyenikasirikia. Afadhali wangekasirika. Walinitazama kwa mshangao wa kweli, kama watu walioambiwa hawakuhudhuria arusi ambayo zawadi yao ilifika. Injinia alifungua mikono.

"Lakini Mutheu," akasema, "si tulichanga?"

Nilitazama uso wake na nikaona hakuwa akijitetea. Alikuwa akiuliza. Katika maisha yake yote kila jambo kubwa, ada za watoto wa ndugu, arusi, hospitali, mazishi, lilitendeka kwa njia hiyo, na asiyeweza kufika alituma mkono, na mkono ulihesabiwa kuwa mtu. Hakuna aliyewahi kumwambia kuna jambo moja ambalo mkono hautumwi. Nikiwa nafikiria namna ya kulisema hilo, Sista akasema, "Mwana wakwa, chai inapoa." Nikamimina chai. Bi Zuhura alizifungua zile korosho akazipanga kwenye sahani, na watu wakala.

Sista hakugombea tena. Nilibaki kwake hadi mwisho wa mwaka, tukala muthokoi na mbaazi za nazi kwa zamu ile ile, lakini matusi ya mezani yalipungua, na chakula bila matusi yale kilikuwa chakula tu. Januari nikapata kazi ya mkataba mjini na chumba changu mwenyewe. Ndani ya miaka iliyofuata nilikuwa nikimtembelea, kisha nikawa nampigia simu, kisha nikawa napanga kumpigia.

Tulimzika shambani kwake, juu ya Gadeni. Njia ya kwenda huko inapita mbele ya zahanati. Imepakwa rangi, kijani safari hii, na kufuli ni mpya. Mtu amepanda sukuma wiki ndani ya ua wake. Gadeni walikuja. Magari yalipanga mstari hadi barabarani, mahema yakajaa, viti vikaletwa kutoka kanisani, na bado wanaume wakasimama juani. Nilianza kuhesabu viti safu kwa safu, nikilinganisha na ile tofauti ya kura, na nilipofika hema la pili nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuipita. Mheshimiwa, ambaye bado ni Mheshimiwa, alizungumza vizuri. Alisema zahanati itaitwa kwa jina la Sista. Watu wakapiga makofi, ingawa ni mazishi. Ulipofika wakati wa kutupa udongo walipanga foleni wenyewe, bila kuelekezwa, foleni ndefu, iliyonyooka, yenye subira, kila mmoja akingoja zamu yake. Mutua alikuwa kando yangu, amenenepa kidogo, kofia mkononi. Aliitazama ile foleni kwa muda.

"Wakala mwenzangu," akasema, na safari hii hakuwa akitania, "leo wamekuja."

Baadaye, tukiwa tunakula, Injinia Kilonzo alikuja na sahani yake akaniwekea mkono begani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpenda Sista, sina shaka, sijawahi kuwa na shaka. "Mutheu," akasema, "uchaguzi unakaribia. Hii kazi ya Sista haiwezi kufia hapa. Simama wewe. Msomi, kijana, unajulikana. Gadeni yote iko nyuma yako." Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameinua simu, na yangu ikatetemeka mkobani. Nilijua ni nini. Nilitazama hata hivyo. Jina la kundi lilikuwa limebadilishwa tena, sasa lilikuwa jina langu, na vidole gumba vilikuwa vinapanda, kimoja baada ya kingine, kutoka mahema yote.

Nilienda nyuma, kwenye masufuria. Bi Zuhura alikuwa ameketi kwenye kigoda anakwangua ukoko, amezeeka, buibui lake bado limepigwa pasi. Nilichukua kijiko nikakaa kando yake. Hakuniuliza wamesema nini, kelele zao zilifika mpaka pale.

"Kura yako bado iko Matuu?" akaniuliza.

"Niliihamisha, Bi Zuhura. Iko chekechea."

Alikwangua kidogo, akatua kupumua, akaendelea.

"Haya," akasema. "Tulikuwa wawili, mimi na yeye. Basi tumerudi wawili."